Breki za Impreza WRX kwa siku ya mbio: mwongozo kamili kwa gari linaloondoka Tabora na kurudi kwa magurudumu yake

Gari la mtu wa Tabora likienda kwenye mbio, mara nyingi haliendi juu ya trela. Linaendeshwa. Linapita Nzega na Igunga, linakatiza bonde la Wembere, linapanda Sekenke kuelekea Singida na Dodoma, kisha linaingizwa kwenye njia ya mbio na kukanyagwa breki mizunguko thelathini. Baada ya hapo linageuzwa kurudi nyumbani, na safari hii Sekenke ni mteremko, malori mbele na malori nyuma. Breki zinazokufaa ni zile zitakazofanya kazi zote mbili. Ndiyo maana mpangilio ulio humu hauanzi na kalipa (kibano chenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski) kubwa za rangi nyekundu.

Tumechukua Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili (umbo la GDA, 2000 hadi 2007) kwa sababu ndiyo inayoonekana zaidi mikononi mwa vijana wa michezo ya magari, na spea zake zinapatikana. Mwenye Forester ya turbo atakuta karibu kila kitu hapa kinamhusu. Mwenye Toyota Altezza au Mark II afuate mantiki, vipimo achukue vya gari lake.

Joto ndilo adui

Breki hazisimamishi gari kwa nguvu peke yake. Kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitupa joto hilo hewani. Impreza ikiwa na dereva na mafuta ina uzito wa kilo 1,450 hivi. Kuishusha kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60 kunazalisha takriban kilojuli 1,230. Asilimia 70 hivi inabebwa na breki za mbele, maana yake kila diski ya mbele inapokea kama kilojuli 430. Diski yenye kilo 7 za chuma, kwa kukanyaga huko mara moja tu, inapanda takriban nyuzi 130. Sasa fikiria kona nne za namna hiyo kwa kila mzunguko, na mita chache tu za kupumua kati yake. Mjini Tabora, ukitoka mtaa wa Kanyenye kwenda stendi, diski haifikii joto la namna hiyo.

Ukizidisha mwendo mara mbili, joto linazidi mara nne. Kwa hiyo breki "zinazoshika vizuri" kwenye mwendo wa 80 hazijakuambia chochote kuhusu zitakavyokuwa kwenye 160.

Kuna njia mbili za kushindwa kwa sababu ya joto, na ukizichanganya utanunua kitu kisicho na msaada.

Ya kwanza: pedali inabaki juu na ni ngumu kama jiwe, unakanyaga kwa mguu wote, gari halipungui. Hapo pedi zimepita joto lake na zimepoteza mshiko. Dawa ni pedi za daraja la juu zaidi, au kupoza diski.

Ya pili: pedali inakuwa laini, inazama, pengine inafika sakafuni, na ukiipampu inarudi kidogo. Hapo mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa. Mvuke unabanwa kama hewa, nguvu ya mguu wako inaishia kwenye mapovu badala ya pistoni. Dawa ni mafuta mapya yanayostahimili joto. Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inakuja ghafla: kona hii breki zipo, kona inayofuata hazipo.

Usikilize pia tairi. Kama ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami kavu tairi zinajifunga au ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) inaanza kupiga, basi breki ulizonazo tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi. Kalipa kubwa haitafupisha umbali wa kusimama hata kwa mita moja. Itasaidia kubeba joto tu. Ukiwa na tairi za mtumba zilizokauka mpira, pesa ya kwanza iende kwenye tairi.

Kagua kwanza kilichopo

Pandisha gari kwenye stendi nne imara, juu ya sakafu ya zege. Jeki peke yake haitoshi, na tofali la kuchoma halifai kabisa kwa sababu linapasuka bila taarifa. Kama gereji ni uwanja wa udongo chini ya mwembe, weka ubao mnene chini ya kila stendi, mwaga maji kidogo kutuliza vumbi, na tandika kitambaa safi kwa ajili ya vipuri. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye mpira wa pistoni, kalipa itavuja.

Toa magurudumu na utazame unacho nini. Mbele kuna uwezekano mbili tatu: kalipa ya kuteleza yenye pistoni mbili na diski ya milimita 277 au 294, kalipa ya Subaru yenye pistoni nne na diski ya milimita 294, au, kama mwenye gari wa awali alishabadilisha, kalipa za kampuni ya Brembo za STI (toleo kali zaidi la Impreza) zenye diski ya 326. Usiamini maneno ya muuzaji. Pima kwa tepu kutoka ukingo hadi ukingo.

Kisha pima unene kwa mikromita, sehemu nane kuzunguka diski. Diski za milimita 277 na 294 zikiwa mpya zina unene wa milimita 24, na mwisho wake ni 22. Brembo ya mbele ni 30, mwisho 28. Kwa matumizi ya barabarani 22.5 bado ni diski. Kwa mbio ni chakavu, kwa kuwa chuma kilichopungua ndicho kilichokuwa kinabeba joto. Kwa sababu hiyohiyo hatushauri kuchonga diski kwenye leisi (mashine ya kuchongea chuma) kwa ajili ya mbio. Weka mpya.

Pitisha ukucha juu ya uso wa diski. Mistari midogo ya joto isiyoshika ukucha inavumilika. Ufa unaoshika ukucha, au uliofika ukingoni, unaitoa diski kazini siku hiyohiyo.

Kwenye kalipa ya kuteleza, vuta pini zake mbili. Zitoke kwa mkono. Vumbi la barabara zetu za changarawe linaingia palipochanika mpira, linachanganyika na grisi na kuwa kama msasa. Pini ikikwama, pedi ya ndani inaisha na ya nje inabaki mpya, na gari linavuta upande mmoja. Safisha, badilisha mipira, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya beringi itavimbisha mipira hiyo.

Hapa pana kosa la gereji nyingi: kuoshea kalipa kwa petroli au dizeli. Mipira ya mfumo wa breki inaelewana na mafuta ya breki tu. Ikiguswa na mafuta ya petroli inavimba, pistoni inashindwa kurudi, pedi inasugua muda wote, na breki inachemka kabla hata hujafika kwenye mbio. Tumia dawa ya kusafishia breki ya kopo, au spiriti safi.

Hatua ya kwanza ni mafuta ya breki

Hakuna pesa ndogo inayofanya kazi kubwa kama hii. Mafuta ya breki hupangwa kwa madaraja ya DOT, na viwango vya chini vya kuchemka vinavyotakiwa ni hivi: DOT 3 ikiwa mpya ichemke kuanzia nyuzi 205, na ikishaingia maji nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta ya mbio yanapita hapo; Motul RBF 600, kwa mfano, huchemka kwenye nyuzi 312 yakiwa mapya. Hayo yote yanafaa kwenye mfumo wa Subaru. DOT 5 isiyo na ".1" ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine na haifai kwenye gari lenye ABS. Usiiweke.

Neno la kuzingatia ni maji. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, kupitia kifuniko cha kikopo na hata kupitia mipira. Gari lililokaa misimu miwili ya mvua Tabora, au mwaka mmoja Kigoma karibu na ziwa, lina mafuta yaliyokwisha kushuka kuelekea zile namba za pili. Chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita na kurudishiwa kifuniko nayo imeshashuka. Nunua chupa ndogo za nusu lita zenye muhuri, tatu kwa gari zima: mbili za kubadilisha mafuta yote, moja ya kubeba siku ya mbio. Duka likikupimia mafuta ya breki kutoka kwenye dumu, shukuru na uondoke.

Hatua ya pili ni pedi

Pedi za kawaida za mtaani zimetengenezwa zishike zikiwa baridi, zisipige kelele na zisichafue rimu. Zikipita nyuzi 350 hivi zinaanza kulegea. Pedi za mbio kamili zinavumilia nyuzi 600 na zaidi, lakini zikiwa baridi hazishiki vizuri, zinapiga kelele na zinakula diski. Hapo ndipo safari ya Tabora inapoamua. Saa moja asubuhi nje ya Igunga, ng'ombe wakivuka barabara, unahitaji pedi inayoshika kwenye kukanyaga kwa kwanza ikiwa na nyuzi 40. Pedi ya mbio haitakupa hiyo.

Kwa hiyo chagua moja kati ya mawili. Kama unajifunza na unakimbia vipindi vifupi vya dakika 15, tumia pedi za daraja la kati, zile zinazoelezwa na mtengenezaji kuwa za barabara ya kasi na siku za mbio, zenye mwisho wa joto karibu nyuzi 500 hadi 650. Ziendeshe kwenda na kurudi. Kama una kasi ya kweli, safiri na pedi za barabara na ubebe za mbio kwenye buti, ubadilishe ukifika. Kwenye kalipa ya pistoni nne kazi hiyo ni ya dakika 20 kwa gurudumu: unatoa pini mbili na bati la chemchemi, pedi inatoka juu bila kufungua kalipa. Huu ndio uzuri wake halisi wa pistoni nne kwa mtu anayesafiri mbali.

Badilisha mbele na nyuma pamoja. Ukiweka pedi kali mbele na kuacha za mtaani nyuma, gari litasimama kwa pua na breki za mbele zitachemka mapema. Ukifanya kinyume, pedi kali nyuma na laini mbele, nyuma itajifunga kwanza na gari litazunguka ukiingia kona. Kosa la pili ni baya zaidi.

Usianze siku na pedi zenye chini ya milimita 6. Nyenzo ya pedi ndiyo kinga kati ya diski nyekundu na pistoni yenye mafuta. Ikishakuwa nyembamba, joto linapita moja kwa moja na mafuta yanachemka hata kama ni mazuri.

Hatua ya tatu: diski na mipira

Nunua diski nzima zisizo na matundu, au zenye mifereji. Diski za matundu zinapendeza, ila kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia, na joto la mbio linazipasua. Kama unanunua diski ambazo mbavu zake za ndani zimepinda, ya kulia na ya kushoto hazifanani. Mbavu zilale kuelekea nyuma diski inapozunguka, ili zirushe hewa nje kama feni. Watu wengi hutazama mwelekeo wa mifereji ya juu wakazifunga kinyume. Chungulia mbavu.

Kabla ya kuvalisha diski, kwangua kutu kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Punje ya kutu iliyobaki nyuma ya diski inaifanya iyumbe. Ifunge kwa nati zote tano, weka geji ya saa (kipimo cha sindano cha kupimia myumbo) milimita 10 kutoka ukingoni, zungusha. Myumbo usizidi milimita 0.05. Ukizidi, sogeza diski tundu moja mbele na upime tena kabla ya kuilaumu. Diski mpya zina mafuta ya kuzuia kutu, yaoshe yote.

Mipira ya breki, yaani mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye kalipa, ikiwa ya miaka 20 inatanuka ukikanyaga, na sehemu ya nguvu ya mguu inapotelea humo. Iliyofunikwa kwa waya wa chuma, yenye teflonu ndani, inatoa pedali fupi na yenye uhakika. Haiongezi nguvu ya breki, inaongeza hisia. Kila unapofungua kiungo cha kwenye kalipa weka washa mbili mpya za shaba. Za zamani zimeshabanwa na zitavuja taratibu. Nati za paipu ni za milimita 10 na ni laini. Spana ya kawaida yenye mdomo wazi inazilainisha kona, halafu fundi anashika plaiz, halafu unatafuta paipu mpya Dar es Salaam. Tumia spana ya ringi iliyokatwa upande, ile maalumu ya nati za paipu, na uloweke dawa ya kutu usiku uliotangulia.

Ukishafunga, zungusha usukani mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto, gurudumu likining'inia na likiwa limepandishwa. Mpira usivutike wala usiguse tairi.

Kaza hivi, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza kwa nyutonimita, Nm): bolti za mkono wa kalipa za mbele Nm 80, bolti ya mpira kwenye kalipa Nm 18, nati ya paipu Nm 15, nipo ya kutolea upepo (skrubu ndogo yenye tundu kwenye kalipa, ya kutolea hewa) Nm 8, nati za gurudumu kati ya Nm 90 na 110. Hizo ni za kalipa za kawaida za Subaru. Brembo zina zake, fuata kitabu cha STI. Nm 8 ni kidogo sana, ni nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Nipo nyingi hukatika kwa mtu kukaza "iwe na uhakika".

Hewa ya kupoza

Kama baada ya mafuta na pedi bado unachemsha, peleka hewa kabla ya kununua kalipa. Bomba la milimita 63 au 75 linatoka kwenye bampa ya mbele, mahali pa taa za ukungu, hadi katikati ya diski upande wa ndani, pale kwenye jicho ambapo mbavu zinavuta hewa. Ukiielekeza kwenye uso wa diski, upande mmoja unapoa na mwingine unabaki na moto, na diski inapasuka. Bomba liwe la kitambaa chenye silikoni linalovumilia joto. Mdomo wa kuingilia na ule wa kwenye diski mafundi bati wanaweza kukutengenezea kwa bati la alumini la milimita 1.5, wapelekee kiolezo cha karatasi ngumu.

Bati la kinga nyuma ya diski liache mpaka siku ya mbio. Kwenye vipande vya vumbi na changarawe, kokoto moja kati ya diski na bati au kati ya diski na pedi inachora mfereji wa kudumu. Na ziba midomo ya bampa kwa vifuniko unaposafiri, kwa sababu bomba hilo linameza mchanga kama linavyomeza hewa.

Kalipa kubwa, ikibidi

Brembo za STI za kizazi hichohicho zinaingia kwenye shingo ya gurudumu ya mbele ya WRX bila kuchonga chuma, na diski ya 326 yenye unene wa 30 inabeba joto zaidi kwa sababu ina chuma kingi. Ila zinakuja na masharti yake.

Rimu iwe inchi 17 au zaidi, na si kila 17 inapita. Kata kiolezo cha kalipa kwa kadibodi ukijaribu ndani ya rimu. Acha angalau milimita 3 kati ya kalipa na mikono ya rimu. Habu ya WRX ni ya matundu matano kwa duara la milimita 100, wakati STI za 2005 na kuendelea ni 114.3. Ukiagiza seti ya mtumba bila kuuliza, kalipa zitafaa lakini diski hazitaingia. Brembo za nyuma zinahitaji pia bati la nyuma na breki shuu za STI, kwa sababu dramu ya handibreki ndani ya diski ni kubwa zaidi. Watu wanagundua hilo gari likiwa limeshafunguliwa na spea nyingine iko siku tatu kwa basi.

Usiweke Brembo mbele tu ukaacha nyuma kama ilivyo bila kufikiria uwiano. Na pistoni zikiwa kubwa, masta ya zamani (silinda kuu inayosukumwa na pedali) inalazimika kusukuma mafuta mengi zaidi, hivyo pedali inakuwa ndefu. Hiyo si upepo, ni hesabu. Kipenyo cha masta mara nyingi kimechapwa ubavuni kwake: inchi 1, au 1-1/16. Ukiweka masta kubwa zaidi, pedali inakuwa fupi lakini inadai mguu mzito. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, na busta (kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu) inayotegemea tofauti ya mgandamizo wa hewa inasaidia kwa nguvu pungufu kuliko pwani. Masta kubwa itaufanya mzigo huo uonekane.

Kalipa za mtumba zivuliwe pistoni, zioshwe, zipewe mipira mipya kabla ya kufungwa. Na usibadilishane kulia na kushoto. Nipo ya kutolea upepo lazima iwe juu. Ikiwa chini, hewa inabaki kileleni mwa kalipa na hata ukitoa upepo siku nzima pedali itabaki sponji. Hili linatokea mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu kalipa inafungika vizuri kabisa pande zote mbili.

Kutoa upepo

Watu wawili, bomba la plastiki linaloonekana ndani, chupa yenye mafuta kidogo chini ili ncha ya bomba izame. Nyonya mafuta machafu kwenye kikopo kwa sirinji, jaza mapya. Mpangilio wa Subaru unakwenda mshazari: mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia.

Aliye ndani anakanyaga taratibu na kushikilia, anasema "nimeshika". Aliye chini anafungua nipo robo mzunguko, mafuta yanatoka, anafunga, anasema "achia". Kamwe pedali isiachiwe nipo ikiwa wazi. Weka kipande cha ubao nene sentimita 4 chini ya pedali: kwenye masta ya zamani, sehemu ya mwisho ya njia ya pistoni ina kutu na uchafu, na ukiizamisha mpaka sakafuni mipira inachanika huko. Angalia kikopo kila baada ya kukanyaga mara sita au saba. Kikikauka, umerudi mwanzo na hewa imeingia mpaka kwenye ABS. Endelea mpaka mapovu yaishe na rangi ibadilike, kama mililita 200 kwa gurudumu. Kalipa yenye nipo mbili, toa zote mbili na urudie.

Pedali ikibaki laini kidogo na nipo zote ziko safi, kuna hewa kwenye kitengo cha ABS. Tafuta kipande cha changarawe kisicho na watu, enda kilomita 30 kwa saa, kanyaga kwa nguvu ABS ipige, rudia mara nne au tano, kisha toa upepo upya.

Mafuta ya breki yanakula rangi. Weka ndoo ya maji karibu na umwagie mara yanapodondoka.

Kuzoesha pedi na diski

Pedi mpya haifanyi kazi kwa kusugua tu. Inafanya kazi kwa tabaka jembamba la nyenzo yake lililohamia kwenye diski kwa usawa. Tabaka hilo likiwa na mabaka, usukani unatetemeka, na watu wanasema diski "imepinda". Mara nyingi haijapinda.

Chagua asubuhi mapema, barabara iliyonyooka nje ya makazi, kioo cha nyuma kiwe kitupu. Baiskeli zenye mkaa na bodaboda zisizo na taa zipo hata alfajiri, kwa hiyo mtu wa pili akae na wewe aangalie. Kutoka 80 shuka hadi 15 kwa nguvu ya wastani, mara nane hadi kumi, ukirudisha mwendo papo hapo kila baada ya kushuka, bila kupumzika. Usisimame kabisa hata mara moja. Harufu itatokea, ni gundi ya pedi inaungua. Kisha endesha dakika 10 hadi 15 bila kugusa breki ili zipoe, egesha, uziache zipoe mpaka mkono uweze kuzigusa. Kukanyaga kwa mwendo mkubwa zaidi kamalizie kwenye njia ya mbio yenyewe, kwenye kipindi cha kwanza, mizunguko mitatu ukipandisha taratibu. Ukirukia kasi kamili na pedi mbichi, gesi inayotoka ndani yake inatengeneza mto kati ya pedi na diski na breki zinapotea kwa mara ya kwanza na ya ghafla.

Siku yenyewe

Paka rangi za joto ukingoni mwa diski. Ya kijani hubadilika kwenye nyuzi 430, ya chungwa 560, nyekundu 610. Baada ya kipindi cha kwanza utajua ulipofika bila kubahatisha, na utajua kama pedi zako ziko ndani ya masafa yake.

Kanyaga mapema kwa nguvu na kwa muda mfupi. Kushikilia breki kidogokidogo kwa umbali mrefu kunapika diski zaidi. Mzunguko wa mwisho endesha polepole ukiacha injini ikushushe. Ukiingia maegesho usikae umekanyaga pedali na usivute handibreki: pedi moto ikibaki mahali pamoja inaacha chapa yake kwenye diski, na shuu za handibreki zinaweza kushika. Weka gia, zuia tairi kwa mawe au magogo.

Kati ya vipindi gusa pedali gari likiwa limesimama. Imeshuka kuliko asubuhi? Usirudi ndani. Toa upepo magurudumu manne kwa ile chupa ya tatu, mililita 50 kila moja. Kaza nati za gurudumu tena rimu zikiwa zimepoa.

Kabla ya kuianza njia ya Tabora

Hili wengi wanaliruka kwa uchovu. Toa magurudumu yote manne, pima pedi. Rudisha zile za barabara kama ulikuwa umebadilisha. Chini ya milimita 4 usisafiri nazo, kwa sababu pedi za daraja la juu zikiwa nyembamba zinaisha haraka. Tazama mipira ya vumbi ya pistoni. Ikiwa imeungua na kuwa kama makaa, agiza mipya na uendeshe ukiepuka vumbi. Kagua diski kwa ufa, ukingo wa nje na tundu za nati. Toa upepo kidogo kila gurudumu: mafuta yaliyochemka mara moja yana mvuke uliorudi kuwa maji, na yatachemka mapema zaidi safari ijayo. Ziba midomo ya bampa, rudisha bati za kinga.

Ukifika juu ya Sekenke shuka kwa gia ya tatu au ya pili, breki zikiwa za kurekebisha tu, na kama pedali imebadilika hata kidogo tangu Singida, egesha juu kabla ya mteremko uache zipoe.